Barua ya wazi: Sauti ya mwalimu ni kitendea kazi, na inaharibikia darasani

16 Aprili 2025

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya elimu, serikali za mitaa, afya na kazi;
Kwa wakurugenzi wa halmashauri na maofisa elimu;
Kwa viongozi wa vyama vya walimu.

YAH: KUHARIBIKA KWA SAUTI ZA WALIMU NA WATOTO KATIKA SHULE ZA MSINGI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali, Kanda ya Ziwa. Nimefundisha kwa miaka 19, na kwa miaka 14 kati ya hiyo nimekuwa na madarasa ya chini, nikiwafundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Najua kwamba mtumishi wa umma hupitisha barua yake kwa mkubwa wake wa kazi, na nilifanya hivyo mara tatu: Februari 2023, Septemba mwaka huohuo na Machi 2024, barua zote zikipitia kwa mwalimu mkuu wangu, ambaye alizigonga muhuri na kuzipeleka bila kusita. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mdomo, kwamba jambo hilo linafanyiwa kazi. Ya tatu ilirudi na sentensi moja iliyoandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mwalimu apumzishe sauti." Hakuna aliyeeleza niipumzishe lini, wala nani asimame mbele ya watoto 132 wakati mimi nikiipumzisha.

Ndiyo maana leo, Siku ya Sauti Duniani, ambayo ilianzia Brazili mwaka 1999, nimeamua kuandika hadharani. Sitaji jina la shule, la halmashauri wala la mtu yeyote, kwa sababu ninayoyaeleza hayakutokana na ubaya wa mtu mmoja, na simtafuti wa kumshitaki.

Tatizo langu lilianza kama yanavyoanza mafua. Ijumaa jioni sauti imepwea, Jumatatu asubuhi imerudi. Baadaye ikawa inarudi Jumatatu na kuondoka Jumatano, na mwishowe ikawa hairudi kabisa, mpaka mwanangu alipoanza kuniuliza kwenye simu, "Nani mwenzangu?" Nilisukutua kwa maji ya chumvi, nikatafuna tangawizi na karafuu, nikalamba asali, na jirani mmoja alinishauri ninywe yai bichi kila alfajiri, nikalinywa kwa wiki mbili. Siku nilipofika hatimaye kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa, aliniuliza kabla sijakaa vizuri kwenye kiti: "Mama, unafundisha au unaimba kwaya?" Akapitisha kamera nyembamba puani na kunionyesha kwenye kioo vinundu viwili vinavyotazamana, kimoja kila upande, mfano wa punje za ulezi.

Vinundu hivyo vimeota kwenye nyuzi sauti. Chuoni tulizisoma nyuzi hizi katika somo la fonetiki, kwenye mchoro wa ubaoni: nyuzi mbili kooni ambazo zikikaribiana na kutikiswa na hewa itokayo mapafuni hutoa sauti ghuna, na zikiachana hutoa sauti sighuna. Hakuna aliyetuambia kwamba za mwanamke hugongana takriban mara 200 kwa sekunde anapozungumza, na kwamba mtu akitoa sauti mfululizo kwa saa moja zimegongana mara 720,000. Za wanaume ni ndefu na nene zaidi, hugongana polepole zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya walimu wa kike waumie zaidi. Mtu anapopaza sauti, nyuzi hugongana kwa nguvu. Zikigongana kwa nguvu kila siku bila kupumzika huvimba, na uvimbe usipopewa nafasi ya kupona hugeuka kuwa sugu, kama mkono wa mwenye jembe. Mkono wenye sugu hulima vizuri tu, lakini uzi wa sauti wenye sugu haufungi sawasawa, hewa inavuja, sauti inakwaruza, na mwalimu hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili asikike, jambo linaloongeza ukubwa wa sugu hiyo.

Baada ya kueleza hayo, naomba niwasilishe malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Sauti ya mwalimu haitambuliwi kuwa kitendea kazi, na kuharibika kwake hakutambuliwi kuwa madhara ya kazi.

Kila mwanzo wa mwaka hujaza fomu ya vitendea kazi: chaki, vitabu vya kiada, kiongozi cha mwalimu, daftari la maandalio, saa ya ukutani. Kitu pekee ambacho nisipokuwa nacho siwezi kabisa kufundisha darasa la kwanza hakimo kwenye fomu. Fundi akianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi hakuna anayebishana kwamba ameumia kazini. Mwalimu akipoteza sauti baada ya miaka kumi na tisa ya kupaza, anaambiwa ana mafua.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka wajibu wa mwajiri kulinda afya za watu wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko unaochangiwa na mwajiri peke yake, ambao pamoja na ajali unahusika na magonjwa yatokanayo na kazi. Nilipokwenda kuuliza katika ofisi moja kama vinundu vyangu vinaweza kuripotiwa, afisa alinisikiliza kwa heshima, kisha akanijibu kwamba kupwea sauti si ajali. Sikusema ni ajali. Nilisema ni ugonjwa wa kazi, na nchi nyingine zimekwisha kukubali hivyo: Hispania iliingiza vinundu vya nyuzi sauti katika orodha yake ya magonjwa ya kazi mwaka 2006, na Polandi inayatambua magonjwa ya sauti kwa mtu aliyefanya kazi ya kutumia sauti sana kwa muda usiopungua miaka 15. Kwa kipimo cha Polandi, mimi nimevuka kwa miaka minne.

Wala si kwamba ushahidi unakosekana. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwahoji walimu 1,243 na watu 1,288 wasio walimu katika majimbo ya Iowa na Utah. Waliowahi kupata tatizo la sauti maishani walikuwa asilimia 57.7 ya walimu, dhidi ya asilimia 28.8 ya wengine. Naomba msomaji ajiulize ni mara ngapi mwalimu wa Iowa husimama mbele ya watoto 132.

2. Madarasa yetu yamejengwa na kujazwa kwa namna inayomlazimisha mwalimu kupiga kelele.

Kipimo cha serikali yenyewe ni wanafunzi 45 kwa darasa moja. Daftari langu la mahudhurio lina majina 132. Nataka nieleweke vizuri hapa: tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 nimeona watoto wakiletwa shuleni ambao zamani wangebaki nyumbani wakichunga au wakilea wadogo zao, na hakuna hata mmoja ambaye ningependa arudishwe. Ninacholalamikia ni kwamba watoto waliongezwa, lakini hakuna aliyepiga hesabu ya sauti itakayowafikia.

Chumba chetu kina sakafu ya saruji, kuta za saruji na bati lisilo na dari. Hakuna kitu laini hata kimoja cha kumeza sauti isipokuwa sare za watoto. Neno likitoka kinywani linagonga ukuta, linagonga bati, linarudi na kulikuta neno la pili likiwa njiani. Ukuta unaotutenganisha na darasa la pili umeishia kwenye mtambaapanya, na juu yake ni wazi mpaka kwenye paa, kwa hiyo mwenzangu wa upande wa pili akifundisha kujumlisha, watoto wangu wa nyuma hujumlisha pamoja naye. Akipaza sauti, nami napaza bila kukusudia. Nikipaza, naye anapandisha. Tabia hii ya binadamu kupandisha sauti anapozungukwa na kelele ilielezwa na daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, mwaka 1911, na sidhani kama alipata kuiona ikifanya kazi vizuri kuliko inavyofanya kati ya darasa la kwanza na la pili shuleni kwetu saa nne asubuhi.

Shirika la Afya Duniani limependekeza kelele ya darasani, kabla mwalimu hajafungua mdomo, isizidi desibeli 35, na mwangwi usidumu zaidi ya sekunde 0.6. Mtoto wa dada yangu aliniwekea kwenye simu programu ya kupima kelele. Najua simu si kipimo cha maabara, lakini kwa wiki nzima namba haikushuka chini ya 60 hata watoto walipokuwa wameinama wanaandika, na tulipoimba silabi ilipita 90. Ili mtoto atofautishe maneno vizuri, sauti ya mwalimu inatakiwa izidi kelele kwa desibeli 15 hivi. Anayejua kujumlisha ataona nilikuwa natakiwa nipige kelele kiasi gani, kutwa nzima, ili tu nisikike.

Mvua ikinyesha hesabu zote hizo hazina maana. Aprili hii ya masika, bati likianza kupigwa, huwa naandika ubaoni na kuonyesha kwa kidole, na watoto hunitazama kama watu wanaotazama televisheni iliyozimwa sauti. Shajara langu la somo haliruhusu kuandika "mvua" kama sababu ya mada kutokamilika, kwa hiyo wenzangu wengi hufundisha hivyohivyo, juu ya mvua. Siku moja nilijaribu nami. Nilianza kwa kusoma hadithi ya sungura na fisi, na nilipofika katikati mtoto wa dawati la mbele kabisa, aliyekuwa umbali wa hatua mbili, alinishika sketi akaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?" Alikuwa ananiona mishipa ya shingo.

Jambo jingine, nalisema kwa heshima. Kila mgeni rasmi anapotembelea shule yetu, kamati hukodi spika mbili, maikrofoni na jenereta, na mgeni huzungumza dakika ishirini. Sijawahi kusikia mtu akisema kwamba spika ile ni anasa. Mimi nina vipindi sita kwa siku.

3. Ushauri tunaopewa hauwezekani mahali tulipo.

Tunaambiwa tunywe maji ya kutosha. Ushauri ni sahihi, kwa kuwa nyuzi kavu huumia haraka. Lakini shule yetu ina matundu mawili ya choo kwa walimu kumi na saba, mlango wa tundu moja hauna komeo, na maji ya kunawa huchotwa na watoto. Walimu wa kike tumejizoesha kutokunywa chochote tangu chai ya alfajiri mpaka saa nane mchana, na sitaeleza zaidi ya hapo. Tunaambiwa tuepuke vumbi la chaki, nasi tunafutia ubao kwa kipande cha godoro. Tunaambiwa tunong'one sauti inapopwea, na huo, alivyonieleza daktari, si ushauri mzuri hata kidogo, kwa sababu kunong'ona kwa nguvu nako huchosha koo. Afadhali kunyamaza, au kuzungumza kwa upole na mtu aliye karibu.

4. Watoto nao wanaumia, na katika hili sisi walimu tumechangia.

Hapa naomba nijikosoe kwanza. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya darasa nikasema, "Hamjambo?" na watoto mia moja na kitu wakaitikia, nami nikaweka kiganja sikioni na kuwaambia, "Sijasikia!" Wakapiga kelele mpaka njiwa wakaruka kwenye paa, ndipo nikaridhika. "Mpigieni makofi ya kilo tatu!" "Mmeelewaaa?" "Tumeelewaaa!" Niliamini kelele ni uchangamfu, na hata wanaokuja kukagua somo huamini hivyohivyo: mkaguzi mmoja aliwahi kuandika kwenye ripoti yangu kwamba darasa lilikuwa "limepoa", siku ambayo watoto walikuwa wanasoma kimyakimya, kila mmoja na kitabu chake, kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Nyuzi sauti za mtoto wa miaka saba ni fupi sana na hugongana mara nyingi kuliko zangu. Vinundu vilivyoota kooni mwangu huota kwa watoto pia, zaidi kwa wavulana, navyo huanzia katika kelele hizi za darasani na kuendelea uwanjani. Mwaka juzi nilikuwa na mvulana ambaye sauti yake ilikwaruza kama ya mzee. Wenzake walimwita Babu, naye akacheka pamoja nao kwa muda, kisha akaacha kunyoosha kidole. Kwa kuwa kipimo cha kusoma katika darasa la kwanza ni kusoma kwa sauti, aliandikiwa kwamba hajui kusoma. Alikuwa anajua. Nilikuja kugundua siku nilipomsikia akimsomea mdogo wake maandishi ya kwenye mfuko wa sukari.

Mama yake alimpeleka kukatwa kimeo. Simlaumu, kwa sababu huku kwetu mtoto akikohoa sana au sauti ikikwama, neno la kwanza analoambiwa mzazi ni kimeo. Lakini kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na nyuzi sauti ziko chini kabisa, ndani ya koo; kukikata hakuponyi sauti, na mtoto yule alitoka damu siku mbili, akakosa masomo kwa wiki mbili na kurudi na sauti ileile. Sauti ya mtoto ikikwaruza zaidi ya wiki tatu au nne anapaswa kutazamwa na daktari wa koo, na si kwa sababu ya vinundu tu. Kuna uvimbe mwingine wa koromeo, unaoitwa papiloma, unaosababishwa na virusi, ambao kwa mtoto huanza kwa sauti kukwaruza na unaweza kufikia kuziba njia ya hewa. Mwalimu wa darasa ndiye mtu wa kwanza anayeweza kutambua kwamba sauti ya mtoto imebadilika, kwa kuwa anaisikia kila siku, lakini hakuna aliyemwambia atazame nini na ampeleke wapi.

Lipo pia dhara lisilo la koo. Tunafundisha kusoma kwa kutumia sauti za herufi. Tofauti ya p na b, ya f na v, ni ghuna tu, yaani ni kule kutikisika kwa nyuzi ambazo kwangu zina vinundu. Muhula uliopita nilisoma imla: "Baba anafua nguo." Madaftari ya madawati ya mbele yakaja sawa. Ya nyuma, zaidi ya nusu, yaliandika "baba anavua nguo". Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikashika kalamu nyekundu na kusita, kwa sababu sikuwa na hakika kosa ni la nani.

5. Hatukufundishwa kutumia sauti.

Chuoni nilifundishwa kushika chaki, kugawa ubao na kuandaa azimio la kazi. Sikufundishwa hata kipindi kimoja namna ya kuvuta pumzi, ya kuanza somo bila kukurupusha koo au ya kuvuta usikivu wa watoto bila kupaza sauti. Wanakwaya wa kanisani kwetu hupasha sauti kabla ya kuimba nyimbo mbili. Mimi huanza saa moja na nusu kwa kelele ya mstarini.

6. Tiba haifikiki kwa mwalimu wa kawaida.

Tiba ya kwanza ya vinundu kwa kawaida si kisu. Ni kufundishwa upya kutumia sauti, chini ya mtaalamu wa tiba ya sauti na matamshi, kwa wiki kadhaa, na wataalamu hao ni wachache mno hapa nchini. Kadi yangu ya bima ilinifikisha kwa daktari na ilinilipia kipimo, nashukuru. Mtaalamu wa sauti sikumpata ndani ya mkoa. Nilipewa karatasi ya mazoezi na ED ya siku 14, kama tunavyoiita sisi watumishi ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi. Siku ya nne mwalimu mkuu alinipigia simu, kwa aibu, akaniambia watoto wamegawanywa madarasa mawili, na darasa la pili sasa lina watoto 190. Nilirudi kazini siku ya tano.

Waheshimiwa, nayajua baadhi ya majibu nitakayopewa, kwa kuwa nimekwisha kuyasikia.

Nitaambiwa kwamba walimu wa zamani walifundisha bila spika na hawakulalamika. Mwalimu aliyenifundisha mimi darasa la kwanza bado yu hai, mstaafu, na akizungumza leo unalazimika kusogeza sikio karibu na kinywa chake. Sote pale kijijini tulidhani ni uzee. Mumewe, anayemzidi umri kwa miaka tisa, huita mbuzi wake kutoka ng'ambo ya bonde.

Nitaambiwa pia kwamba mwalimu aelimishwe tu namna ya kutunza sauti. Elimu hiyo naitaka, na nimeiomba hapa chini, lakini isifanywe kuwa mbadala wa kila kitu. Mwaka 2002, watafiti huko Marekani waliwagawa walimu 44 wenye matatizo ya sauti katika makundi: wengine wakapewa vipaza sauti vidogo vya kuvaa, wengine wakapewa mafunzo ya usafi na utunzaji wa sauti, wengine hawakupewa chochote. Baada ya wiki sita, waliovaa vipaza sauti walikuwa wamepata nafuu ya wazi. Waliopewa mafunzo peke yake hawakupata nafuu hiyo.

Na bila shaka nitaambiwa hakuna fedha. Kipaza sauti changu cha kiunoni nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 55,000 za mfukoni mwangu, kinachajiwa usiku na kudumu siku nzima ya masomo. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake hukatwa kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo sidai kwamba shule inaweza kujinunulia kila kitu. Ila nchi iliyoweza kujenga vyumba 15,000 vya madarasa kwa fedha za UVIKO-19 ndani ya miezi michache haiwezi kushindwa kuweka dari katika chumba kimoja cha darasa la kwanza kwa kila shule. Katika vyumba vile, 12,000 vilikwenda sekondari na 3,000 shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule mama. Darasa langu halikuwa katika hesabu hiyo.

Jibu la kwamba walimu wataajiriwa zaidi nalipokea kwa furaha. Naomba tu lisiwe sababu ya kusubiri, kwa maana sauti ikishapotea hairudi kwa kibali cha ajira mpya.

Kwa hiyo ninaomba mambo yafuatayo:

(a) Vinundu na magonjwa mengine ya sauti kwa walimu yatambuliwe waziwazi, kwa waraka au kwa kuingizwa katika orodha, kuwa magonjwa yatokanayo na kazi, na halmashauri ziagizwe kuyaripoti zinapoletewa cheti cha daktari badala ya kumrudisha mwalimu nyumbani na neno "mafua".

(b) Kuanzia bajeti ijayo, hakuna chumba cha darasa la msingi kijengwe bila dari, na kuta za kati zifike kwenye paa. Kwa vyumba vya zamani kazi ianzie darasa la kwanza na la pili, ambako kufundisha kwenyewe ni sauti. Wakati tunasubiri, shule ziruhusiwe kutumia hata majamvi na mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma. Nimejaribu kwa majamvi manne ya ukindu na mwangwi umepungua kiasi cha kusikika kwa sikio.

(c) Kila darasa lenye watoto zaidi ya 90, yaani mara mbili ya kipimo cha serikali, lipewe kipaza sauti cha kuvaa, kihesabiwe katika vitendea kazi na kifanyiwe matengenezo kama vifaa vingine.

(d) Matumizi ya sauti yaingizwe katika mitaala ya vyuo vya ualimu, na kwa sisi tulio kazini yaingizwe katika MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambako tayari tunakutana shuleni kwetu bila gharama ya posho wala nauli.

(e) Wanaokagua masomo waache kuhesabu kelele kuwa alama ya ufundishaji mzuri, na watoto wapimwe kusoma kwa njia ambayo mtoto mwenye koo bovu hataandikwa kwamba hajui.

(f) Wizara yenye dhamana ya afya iwape walimu maelekezo mafupi, hata ukurasa mmoja wa kubandika ofisini, ya lini mtoto au mwalimu mwenye sauti iliyopwea apelekwe hospitali, na yaseme wazi kwamba kukata kimeo si tiba yake.

(g) Mwalimu aliyeandikiwa mapumziko ya sauti apatiwe mtu wa kumshikia darasa kwa siku zote alizoandikiwa, au apewe kazi nyingine kwa muda huo, kama maktaba au kusahihisha.

Ombi la (a) ndilo nisiloweza kulipunguza. Mengine tunaweza kuzungumza juu ya kipi kianze.

Naomba kujibiwa kwa maandishi kabla shule hazijafunguliwa Julai. Nimeandika simu yangu katika nakala tatu zilizopita, lakini safari hii naomba msinipigie. Baada ya vipindi sita mchana siwezi kupokea.

Natanguliza shukrani.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Shule ya msingi ya serikali, Kanda ya Ziwa.

Nakala: Mwalimu Mkuu, kwa taarifa.